Hati za Mishahara Mezani: Niliyojifunza Nikiwa Katibu wa Tawi

Waraka ulitufikia Ijumaa alasiri, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa tumekwisha kufunga makabati na kubaki kusubiri saa ya kutoka. Ulikuwa na kurasa mbili tu. Ulieleza kwamba, kutokana na kushuka kwa mapato ya serikali, mishahara ya msingi ya watumishi wote wa umma ingepungua kwa asilimia 10 kuanzia mwezi wa pili uliofuata, na kwamba posho kadhaa zingesitishwa hadi hali itakapotengemaa. Neno "kukata" halikuwemo mahali popote. Kilichoandikwa ni "marekebisho ya muda". Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kuwa katibu wa tawi la chama cha watumishi, na kabla sijamaliza kuusoma ukurasa wa pili simu yangu ilikuwa imeshaanza kuita.

Usiku uleule tuliandika tamko. Bado ninalo, na kila ninapolisoma naona haya kidogo. Lina maneno dhuluma, uonevu na usaliti, lina herufi kubwa mahali pasipostahili, na halina tarakimu hata moja isipokuwa ile asilimia 10 tuliyoinakili kutoka kwenye waraka wenyewe. Asubuhi mwandishi wa habari mmoja aliniuliza swali jepesi: mtumishi wa daraja la chini kabisa atapoteza kiasi gani kila mwezi? Nikajibu kwamba watumishi wa daraja la chini ndio watakaoumia zaidi. Akarudia swali lake kwa upole. Sikuwa na jibu, naye akaandika kwamba chama kimepinga hatua hiyo kwa maneno makali, ambayo ndiyo kweli tupu.

Aliyetuokoa alikuwa mzee mmoja mstaafu ambaye kwa miaka mingi aliandaa malipo ya mishahara na sasa alikuwa mwanachama wa heshima, yaani hana kura lakini mkutano hauanzi kabla hajafika. Alitusikiliza tukipaza sauti kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ndugu Katibu, kila mtu kesho aje na hati yake ya mshahara. Mtu asiyetaka jina lake lionekane, alifunike kwa karatasi." Baadhi ya wajumbe walinung'unika, kwa sababu mshahara ni jambo ambalo watu hulificha hata kwa wenza wao. Hata hivyo hati zilikuja, tukazipanga mezani, na kwa jioni tatu mfululizo tulifanya hesabu ambazo tungepaswa kuzifanya kabla ya kuandika neno lolote.

Tulichokigundua ndicho kilichobadilisha mapambano yetu yote, kwa hiyo nitakieleza kwa kirefu. Chukua mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa 1,000. Tuseme kodi na michango ya hifadhi ya jamii inachukua asilimia 20, yaani 200, na mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara unachukua 300. Anachoondoka nacho mkononi ni 500. Mshahara ukipunguzwa kwa asilimia 10 unakuwa 900. Kodi na michango inashuka hadi 180, lakini benki haijui habari za waraka, hivyo mkopo unabaki 300 ileile. Mkononi anabaki na 420. Serikali inasema imepunguza asilimia 10, naye amepoteza asilimia 16 ya kile anachokitumia. Mwenzake mwenye mikopo miwili inayofika 500 alikuwa akipokea 300, na sasa atapokea 220, maana yake zaidi ya robo ya kipato chake cha kuishi imeyeyuka. Na yule asiye na mkopo wowote atapoteza asilimia 10 kamili, si zaidi. Kwa hiyo waraka mmoja ulikuwa na punguzo tofauti kwa karibu kila mtu, na waliobanwa zaidi ni wale waliokwisha kubanwa.

Mzee hakuishia hapo. Alituonyesha kwamba mshahara wa msingi ni kama shina: malipo ya saa za ziada hukokotolewa kutoka kwake, mchango wa mwajiri katika mfuko wa pensheni hukokotolewa kutoka kwake, na pale ambapo mafao ya uzeeni hutegemea mshahara wa miaka ya mwisho, mtu anayestaafu katikati ya "marekebisho ya muda" atayabeba marekebisho hayo hadi mwisho wa maisha yake. Akaongeza jambo ambalo wengi wetu, wenye vyeti vya uhasibu tukiwemo, hatukuwa tumelifikiria: ukikatwa asilimia 10 na baadaye ukaongezwa asilimia 10, hujarudi ulipokuwa. Elfu moja imekuwa 900, na nyongeza ya asilimia 10 juu ya 900 inakufikisha 990. Ili urudi kwenye 1,000 unahitaji nyongeza ya asilimia 11.1. Tofauti ni ndogo, lakini ikiachwa hujumlishwa katika kila nyongeza inayofuata.

Tamko la pili lilikuwa la ukurasa mmoja na halikuwa na neno dhuluma. Lilikuwa na mifano mitatu ya hesabu, bila majina. Mwandishi yuleyule alilichapa karibu lote.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tulisonga mbele kwa umoja, lakini hesabu zilezile zilizotupa nguvu nje zilitupasua ndani. Baada ya kuona hati, kila kundi lilijua hasa linapoteza nini, na halikuwa tena kundi moja. Maofisa wa ngazi za juu, ambao sehemu kubwa ya kipato chao ni posho, hawakujali sana mshahara wa msingi; walitaka tupiganie posho. Wahudumu na makarani, ambao posho zao ni chache, waliuliza kwa nini ada yao ya uanachama itumike kutetea posho za watu wenye magari ya ofisi. Kisha serikali, ambayo nadhani ilikuwa ikitusikiliza vizuri kuliko tulivyosikilizana wenyewe, ikatangaza kwamba watumishi wa idara mbili hawataguswa. Siku ile nilipokea simu kutoka kwa mjumbe wa mojawapo ya idara hizo, mtu ambaye alikuwa ameandika nusu ya tamko letu la kwanza. Aliniambia, bila chuki yoyote, "Ndugu Katibu, sisi sasa suala hili halituhusu."

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Nilijilaumu kwa jambo jingine: sikuwa nimewahi kukaa na idara ile kabla ya shida, na mtu huwezi kumwomba asimame nawe mvuani ikiwa hukuwahi kumtembelea kiangazi.

Nikiwa natafuta namna ya kuzungumza na wanachama kuhusu mgawo wa mzigo, nilisoma habari za mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza huko Invergordon, Uskoti, mwezi Septemba 1931. Hawakuwa na chama cha wafanyakazi, na kisheria hawakuruhusiwa kugoma. Serikali, ikihangaika na mdororo wa uchumi, ilitangaza punguzo la malipo ambalo kwa maofisa lilikuwa karibu asilimia 10, lakini baharia wa kawaida aliyekuwa bado kwenye viwango vya zamani vya kabla ya 1925 angeshuka kutoka shilingi 4 kwa siku hadi 3, yaani robo nzima ya malipo yake. Mabaharia wakakataa kuzipeleka meli baharini. Ndani ya siku chache serikali ilikubali kwamba punguzo lisizidi asilimia 10, na tarehe 21 mwezi huohuo Uingereza ikaachana na mfumo wa kufungamanisha sarafu yake na dhahabu, kwa sehemu kwa sababu habari za meli zile zilikuwa zimewatia hofu wenye fedha. Baadhi ya waliohesabiwa kuwa viongozi walifukuzwa. Nilipoisimulia habari hii mkutanoni, karani mmoja aliuliza kwa nini hawakupinga punguzo lote. Swali lake lilinikaa kichwani. Nadhani kilichowachoma zaidi kilikuwa kuona kwamba mwenye kidogo anatolewa sehemu kubwa kuliko mwenye kingi, na hapo ndipo nasi tulipopata msimamo ambao makundi yote yangeweza kuushika: kama ni lazima mzigo ubebwe, ubebwe kwa kadiri ya mgongo wa mtu.

Katika mazungumzo ya kwanza na upande wa serikali tuliambiwa kwamba hazina haina fedha. Ni rahisi kwa kiongozi wa chama kulicheka jambo hili, na wanachama humshangilia anapolicheka. Mimi nilijifunza kutolicheka. Zipo nyakati ambapo kweli fedha hazipo, na chama kinachokana jambo lililo wazi hupoteza masikio ya watu wa kati, yaani wananchi wanaolipa kodi, ambao wengi wao hawana mshahara wa uhakika hata huo uliopunguzwa. Tulichofanya ni kuomba vitabu. Tuliomba kuona makadirio ya mapato, orodha ya mishahara kwa madaraja, gharama za safari, magari na washauri wa kukodiwa, na tarehe ambayo serikali yenyewe inatarajia mapato yatarudi. Hatukupewa yote, na tulichopewa kilichukua wiki nyingi, lakini tangu siku ile mezani palikuwa na karatasi za pande zote mbili.

Sheria nayo ilikuwa na sehemu yake, ingawa ndogo kuliko nilivyotumaini. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 151 wa mwaka 1978 unahusu hasa watumishi wa umma: unazitaka nchi zilizouridhia zihimize utaratibu wa majadiliano kuhusu masharti ya kazi, na migogoro itatuliwe kwa majadiliano au kwa njia huru kama usuluhishi. Kamati ya shirika hilo inayoshughulikia uhuru wa vyama imesema mara nyingi kwamba serikali ikibana majadiliano ya mishahara kwa sababu ya uchumi, hatua hiyo iwe ya kipekee, isizidi kile kinacholazimu, iwe ya muda unaofaa, na iambatane na kinga kwa hali ya maisha ya wafanyakazi. Tuliandika vigezo hivyo vinne kwenye karatasi moja na kuuliza waraka wetu unapita kwenye kipi. Afisa mmoja wa upande wa pili alijibu kwamba hivyo si sheria ya nchi. Alikuwa sahihi, lakini alichukua nakala ya karatasi.

Wanachama wengi walitaka tukimbilie mahakamani. Niliwasomea mambo mawili ili tujue tunachokitafuta huko. Nchini Ureno, Julai 2012, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kusitisha malipo ya mwezi wa 13 na wa 14, yaani malipo mawili ya ziada ya kila mwaka, kwa watumishi wa umma na wastaafu kulivunja kanuni ya usawa, kwa kuwa mzigo wa taifa ulitwishwa kundi moja. Lakini ikaacha hatua hiyo iendelee kwa mwaka ule kwa sababu bajeti ilikuwa imeshaanza kutekelezwa, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mapato kwa kiasi kikubwa. Ushindi ulikuwa wa kweli, ila haukurudisha malipo ya mwaka ule. Nchini Afrika Kusini, vyama vya watumishi wa umma vilikuwa na mkataba wa mwaka 2018 wa nyongeza kwa miaka mitatu. Serikali haikulipa nyongeza ya mwaka wa tatu mwezi Aprili 2020, na Februari 2022 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba sehemu hiyo ya mkataba haikuwa halali, kwa kuwa fedha zake hazikuwa zimepitishwa na hazina kama kanuni zinavyotaka. Saini zilikuwepo zote isipokuwa ile iliyohitajika. Nilipomaliza kusoma, mzee wetu alisema jambo moja tu: "Basi tukisaini, na hazina isaini."

Sasa nifike mahali ambapo nusura tuanguke, na ambapo kosa lilikuwa langu. Katika mwezi wa tatu wa mazungumzo serikali ilitupa pendekezo jipya: punguzo la asilimia 10 lifutwe kabisa, na badala yake mishahara isimame ilipo kwa miaka mitatu bila nyongeza. Niliona tumeshinda. Nilituma ujumbe kwa wanachama kabla ya kikao cha kamati, na furaha ilikuwa kubwa hata watu wakaanza kunipongeza kwenye ngazi za ofisi. Jioni ile mweka hazina wetu, mama mkimya ambaye huzungumza baada ya kila mtu kuchoka, alitoa kikokotoo chake. Alisema bei zikipanda kwa asilimia 7 kwa mwaka, kiwango ambacho hakikuwa cha ajabu wakati ule, baada ya miaka mitatu mshahara uliosimama unakuwa umepoteza zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wake wa kununua. Tulikuwa tukisherehekea punguzo kubwa kuliko lile tulilolipinga, eti kwa sababu tarakimu kwenye hati haingebadilika.

Ilinibidi nirudi kwa wanachama na kusema kwamba nilikosea. Wapo walionielewa, na wapo waliosema chama hakitosheki. Mmoja aliniuliza kama nimelipwa na mtu ili niendeleze mgogoro. Hiyo ndiyo gharama ya kutangaza ushindi kabla ya hesabu, na niliilipa kwa miezi kadhaa. Lakini naweza pia kusema kwamba kulikiri kosa lile kulifanya watu waanze kuuliza maswali bora kuliko yangu. Katika mkutano uliofuata, dereva mmoja alitaka kujua kama "mapato yakitengemaa" kuna mtu atakayeyapima, na kwa kipimo gani. Hakuna kati yetu viongozi aliyekuwa ameuliza hivyo.

Kuhusu mgomo nitasema machache, kwa sababu hatukugoma, ingawa tulipiga kura ya siri na wengi wa waliopiga waliunga mkono. Tatizo lilikuwa hilo neno "waliopiga": idadi yao haikufika nusu ya wanachama. Wapo walionisihi nitoe notisi ya mgomo hata hivyo, kwa hoja kwamba serikali haijui idadi yetu. Inaijua. Chama ambacho ada zake hukatwa kupitia mfumo wa mishahara wa mwajiri hakina siri ya idadi. Ofisi chache zilianza mgomo baridi kwa uamuzi wao, faili zikalala mezani, na waliokuja kutulalamikia walikuwa wananchi waliokuwa wakifuatilia vyeti na malipo yao wenyewe. Niliomba usitishwe. Wengine wataona niliogopa. Mimi niliona kwamba tulikuwa tukiwachosha watu pekee ambao serikali ingeweza kuwaogopa kuliko sisi.

Makubaliano yalikuja baada ya karibu miezi saba. Madaraja ya chini hayakuguswa kabisa. Madaraja ya kati hayakukatwa bali sehemu ya mshahara wao iliahirishwa, ikiandikwa kwenye hati kama deni la mwajiri, huku mafao ya uzeeni yakiendelea kukokotolewa kwa mshahara kamili. Madaraja ya juu yalikatwa, na waliyokatwa hayatarudi. Maofisa wa ngazi hizo walitoka kwenye chama kwa makumi, na hata mimi, ningekuwa mahali pao, sijui kama nisingetoka. Tarehe ya mwisho iliandikwa kwa siku, mwezi na mwaka. Kipimo alichokiuliza dereva kiliwekwa kwenye kiambatisho. Na hazina ilisaini. Tulikubali pia kwamba nafasi zinazoachwa wazi na wanaostaafu zisijazwe kwa kipindi hicho, na jambo hili ndilo ninaloliona zito zaidi leo, kwa maana lililipwa na vijana ambao hawakuwa wanachama wetu kwa sababu hawakuwa wameajiriwa. Hakuna aliyewasemea mezani. Mimi nilikuwepo.

Tulijua pia kwamba makubaliano ya aina hii hayana kufuli. Nchini Ireland, mwaka 2010, vyama vya watumishi wa umma vilikubali mageuzi ya utendaji na kutogoma, nayo serikali ikaahidi kutokata mishahara zaidi hadi mwaka 2014. Mwaka 2013 mazungumzo yalifunguliwa upya, na waliokuwa wakipokea zaidi ya euro 65,000 kwa mwaka wakakatwa tena. Kwa hiyo niliwaomba wanachama wasizitupe hati zao za mishahara, hata za zamani.

Nilimaliza muda wangu wa ukatibu mwaka uliofuata na sikugombea tena. Siku ya kukabidhi ofisi nilimpa katibu mpya mihuri, daftari la kumbukumbu za vikao na sanduku la hati zilizofunikwa majina, na kumwonyesha jinsi ya kutengeneza ule mfano wa 1,000. Alisema ataiweka kwenye kompyuta. Nilimwambia aiweke, ila aifanye kwanza kwa mkono mbele ya watu, kwa sababu tulipoifanya hivyo ndipo walipoanza kutoa hati zao mifukoni.

Tarehe ya mwisho imeshaahirishwa mara moja, kwa miezi sita, na kiambatisho kikatumika kama kilivyoandikwa. Mimi ni wa daraja la kati. Kila mwisho wa mwezi, kabla sijatazama kiasi ninachopokea, natazama kwanza mstari wa nne kutoka chini, ulioandikwa "kiasi kilichoahirishwa", nikilinganisha na wa mwezi uliopita.